Sebule ya Msiba

Huku kwetu Uru mtu hajengi nyumba kihambani, kwenye shamba la ukoo, ili alale. Anajenga ili mzazi akifa, waombolezaji wasikae kwenye matope wakimsengenya. Nami nilijenga. Mama yangu, Bernadetha, ana miaka themanini na sita, nikajiambia hana siku nyingi. Fundi Eliufoo nilimwagiza aweke milango mipana ili jeneza lipite bila kukwaruza ukuta, na sebuleni nikajaza viti thelathini.

Mama alikataa kuhamia. Kila Jumamosi nilipopanda kutoka Moshi kusimamia kazi, alinifuata kwa fundi kunikaribisha kiburu, yaani ndizi na maharage aliyoyainjika pamoja tangu asubuhi. Nilimwambia wiki ijayo. Nilikuwa na haraka. Nilikuwa naandaa kifo chake, na kwa hilo nilijiona mtoto mwema kuliko ndugu zangu wote. Mpumbavu mkubwa mimi.

Mwezi wa nane chakula kikaanza kunikwama. Daktari mjini akanipima, akaniambia ni saratani ya koo la chakula, imeshasambaa, na nikiiona Krismasi nimshukuru Mungu. Nina miaka hamsini na mitatu.

Nikapanda Uru siku ya Jumanne. Nilimkuta Mama jikoni, nikampa shikamoo, nikaketi kabla hajanikaribisha. Alifurahi mpaka nikaona aibu. Akanipakulia. Tonge la kwanza liligoma kushuka, nikalitemea mkononi, na hapo ikabidi nimweleze yote.

Hakupiga yowe. Alinawa mikono, akaniomba ufunguo wa ile nyumba. Aliingia kwa mara ya kwanza, akapita polepole katikati ya viti, akipima kwa macho mahali jeneza litakapowekwa. Kisha akachagua kiti kinachotazama pale.

"Nitakaa hapa," alisema. "Nitakuona vizuri."

Nilitaka kumwomba msamaha, badala yake nikajikuta naongea habari za kaburi, nani apigiwe simu, ng'ombe yupi achinjwe. Akanikatiza.

"Hayo yana siku yake, mwanangu. Leo hujafa. Kaa na mimi."

Nikakaa. Alinishika mkono, nikalia, naye hakuninyamazisha.