Doa Jekundu Kwenye Pete ya Kwanza

"Vua miwani kidogo tu, dada, uniambie kama yanageuka."

Hayo ni maneno yangu mwenyewe, na kwa miaka ishirini na mitatu sikumwambia mtu kwamba niliyasema. Nilikuwa nimeinamia meza ya chuma ya maabara, mkono wa kulia ukiwa juu ya pete ya kichujio, na dada yangu amesimama upande wa pili, karibu na kadi nyeupe iliyopokea mwanga. Ilikuwa saa tisa na nusu mchana. Saa kumi na moja nilitakiwa niwe nimetuma muhtasari wangu kwa wenye mkutano wa wanasayansi, na kamera yetu, ambayo ingetazama badala ya jicho, ilikuwa kwa fundi tangu Jumatatu.

Leza ile ilitoa mwale mmoja wa kijani, mwembamba kama uzi wa kushonea. Ukiupitisha kwenye fuwele, kisha ukaurudisha kwa kioo, mwale unajipasua wenyewe: doa moja katikati na mengine sita kulizunguka, yamejipanga kwa nafasi sawa bila mtu kuyapanga. Tuliyaita maua. Mwanga una upande wake wa kutikisika, na kichujio huupitisha au huuzuia kufuatana na upande huo. Mimi nilitaka kujua jambo moja tu: nikiyatazama maua kupitia kichujio na kukigeuza polepole, yatazunguka pamoja nacho, au yatafifia tu pale pale yalipo? Yakizunguka, nina shahada. Yakififia, nimepoteza miaka minne. Na kwa miwani ya kujikinga hayaonekani kabisa, kwa sababu kazi ya miwani ile ni kuzuia rangi ya kijani.

Fuwele ile aliisugua dada. Alikuwa fundi wa maabara kabla mimi sijajua kwamba kuna kitu kinaitwa maabara, na Mkuu wetu, mtu ambaye nadhani hakuwahi kumsifu hata mama yake mzazi, alikiri kwamba hakuna mashine iliyomfikia kwa mkono. Ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenibandika jina la Profesa nikiwa na miaka sita, siku nilipoifungua redio ya nyumbani ikabaki vipande vipande kwenye sinia. Nilipokubaliwa kusoma pale alipofanya kazi, alinishika bega akanizungusha mezani kama mwenye nyumba anayempokea mgeni.

"Hizi pete mbili za vichujio zinafanana," aliniambia siku hiyo, "lakini si ndugu. Hii ya kwanza ni mlango. Ukiigeuza, unaamua mwanga uingie kiasi gani. Ile ya pili ni dirisha, unachungulia tu. Dirisha geuza utakavyo. Mlango usiuguse mtu akiwa ameinama mbele."

Kisha akachukua chupa ndogo ya rangi ya kucha, akatia doa jekundu kwenye pete ya mlango.

Doa hilo lilikaa pale miaka minne. Tulikuwa tunatarajia wageni wakubwa wiki hiyo, na asubuhi ya siku ile ile, Jumatano, Mkuu akapita akasema meza inaonekana kama ya saluni. Nilikuwa mtu wa kutaka kumpendeza Mkuu. Nikachukua pamba na spiriti, nikasugua pete mpaka ikang'aa. Sikumwambia dada. Ni doa tu, nilijiambia, na mimi zile pete nazifahamu hata nikiwa usingizini.

Basi dada akavua miwani, akaipandisha juu ya kichwa, akainama. Nami, nikidhani nimeshika dirisha, nikageuza mlango.

Mwanga wote uliokuwa umezuiwa uliingia kwa mara moja, ukagonga uso wa kioo, na kipande chake kikamrukia kwenye jicho la kulia. Hakupiga kelele. Alisema "aa," kwa sauti ya mtu aliyekumbuka kitu alichosahau sokoni, akakaa sakafuni. Nilizima leza. Nilipomfikia alikuwa anapapasa kichwani, anaitafuta ile miwani.

Daktari alitueleza kwamba katikati ya jicho pameungua na hapatapona. Pembeni ataona, katikati hapana. Alipotoka, nilivuta kiti nikakaa karibu na kitanda. Nilikuwa na mambo mengi ya kusema, nikachagua moja.

"Yaligeuka?" nikamuuliza.

Jicho moja lilikuwa chini ya bandeji, na lile jingine lilikuwa linanitazama usoni.

"Yaligeuka, Profesa," akasema.

Nikaondoka mbio. Sitaki kulipamba jambo hili: nilitoka wodini mbio, kwa kuwa wenye mkutano walikuwa wameongeza siku moja. Niliandika kwamba mgeuko huo ulionekana kwa jicho. Sikuandika jicho la nani.

Wiki iliyofuata Mkuu alituita ofisini kwake. Fomu ya ajali ilikuwa mezani na kalamu iko tayari.

"Nani alimwambia avue miwani?" akauliza.

Lilikuwa swali rahisi kuliko yote niliyowahi kuulizwa katika jengo lile.

"Sikumwona akivua," nikasema. "Nilikuwa nimeinamia pete."

Dada alikuwa kushoto kwangu, jicho la kulia bado liko chini ya bandeji. Ilimbidi ageuze kichwa chote ili anione, na akakigeuza taratibu, akanitazama mpaka nikaanza kusoma kalenda iliyokuwa ukutani. Kisha akamgeukia Mkuu.

"Nilivua mwenyewe," akasema. "Kwa mikono yangu hii."

Kuhusu doa jekundu Mkuu hakuuliza, kwa sababu zake anazozijua. Dada aliachishwa kazi kwa uzembe, baada ya miaka kumi na tisa. Alitia sahihi, akasahau mwavuli wake ofisini, na mimi sikumfuata nao.

Kamera iliporudi, maua yaligeuka kweli. Hilo lilinipa nafuu nisiyostahili. Nilipata shahada, nikapata chumba changu, na Mkuu alipostaafu nikakalia kiti chake. Na dada tuliendelea kuonana kwenye harusi na misiba, tukaulizana hali za watoto. Mimi nilichagua daima kukaa upande wake wa kulia.

Mwezi uliopita niliingia maabara nikamkuta mwanafunzi wangu anatia alama nyekundu kwenye pete ya kwanza. Nikamuuliza nani amemfundisha. Akasema hakufundishwa na mtu, anaogopa tu kukosea. Nikachukua koti langu.

Dada ana chumba kidogo cha kazi, anasaga vioo vya miwani za watu. Aliponiona hakusimamisha mashine.

"Umekuja kupimwa macho, Profesa? Leo foleni ni ndefu," akasema. Chumbani hapakuwa na mtu mwingine.

"Dada, lile doa nililifuta mimi."

"Najua. Asubuhi ile nilisikia harufu ya spiriti. Nikasema, si kitu, Profesa anaujua mlango wake."

"Na mimi ndiye niliyekwambia uvue."

"Lililoungua ni jicho, si masikio."

"Nitaandika barua. Niseme ukweli wote."

Hapo akazima mashine. "Umwandikie nani? Mkuu si ndiye wewe?"

Akachukua kitambaa, akafuta kioo alichokuwa anakisaga, akakiinua kwenye mwanga.

"Maua yako sikuyaona," akasema. "Mwanga ulinifikia kwanza. Lakini ulikuja hospitali na uso ule, nikaona heri mmoja wetu aondoke na kitu. Nilifikiri ukishakipata utarudi uniulize habari ya jicho."

Nilijua nimechelewa, na bado nikauliza.

"Linauma?"

Dada akaweka kioo chini. Akafunika jicho la kushoto, lile lililo zima, kwa kiganja, akanigeukia kwa lile la kulia, akanitazama sawasawa usoni kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi.

"Naona masikio mawili," akasema, "na ukosi wa shati. Katikati hapana mtu."

Kisha akashusha mkono, akawasha mashine, akaendelea kusaga.