Wafu Wenye Nywele Nzuri

Bi Wembe alipenda kujisifu kwamba katika ukinyozi wake wote hakuna kichwa kilichowahi kumshinda. Halafu, kabla hujamaliza kushangaa, anaongeza mwenyewe kwamba kimoja kilimshinda, cha mumewe, kwa kuwa hakikuwa na kitu cha kunyoa. Kilikuwa kipara cha kujitazamia, ndiyo maana mtaa mzima ukamwita mzee huyo Kioo. Kioo hakuona haya. Alisema nywele ni mzigo, na yeye wake keshautua.

Ndipo ikaja ile dawa ya vichupa vya kijani. Muuzaji aliapa kwamba hata jiwe ukilipaka litataka kitana. Na ilifanya kazi, tusiisingizie. Wanaume waliokuwa wakivaa kofia hadi bafuni waliamka na nywele nyeusi tititi. Baada ya siku chache wakafa. Walikufa wakapoa kabisa, kisha wakainuka na kuanza kuuma watu. Aliyeumwa naye akafa, akaota nywele, akainuka.

Asubuhi moja Bi Wembe alijifungia saluni na wifi yake, dada wa Kioo, mwanamke mwenye ulimi wa pilipili. Kioo alikuwa ametoka alfajiri na hajarudi. Nje likapita gari la askari, kipaza sauti kikitangaza kwamba watarudi adhuhuri, na kila mfu watakayemkuta barabarani au ndani atapigwa risasi ya kichwa, maana kwingine hawamaliziki.

Haukupita muda mlango ukapigwa bega, komeo likaachia. Alikuwa Kioo. Macho meupe, shati limechanika, na kichwani msitu.

Wifi akanyanyua nondo. "Sogea nimmalize. Ni kaka yangu, nitamlia baadaye."

"Mguse uone nitakavyokunyoa nyusi," akasema Bi Wembe.

Kioo akamrukia mkewe mdomo wazi. Bi Wembe hakuwa na silaha ila kitana, lakini mkono wa kinyozi una akili zake. Ukafanya ulilozoea kumfanyia kila mteja mkaidi: ukamgonga utosini, ko, ko.

"Inama."

Kioo akainama. Enzi za ujana, kabla upara haujamfika, alikuwa mteja wake wa kwanza. Kwenye kiti cha kunyolea cha saluni hiyo ndiko walikojuana. Roho ilikuwa imeondoka, lakini shingo ilikumbuka. Bi Wembe akamfunga shuka ya kunyolea, naye akakaa akatulia kama anayesubiri zamu. Wifi akanong'ona kwamba akiwa hai hajawahi kumsikiliza mkewe hivyo.

Bi Wembe alitazama nywele zile zisizo za mumewe. Kama ni kuzikwa, akasema, azikwe na kichwa ninachokijua. Akashika wembe. Nywele zilipoanguka zilijikunja sakafuni kama funza kwenye chumvi. Kishungi cha mwisho kilipodondoka, Kioo akapiga chafya.

Wanawake wawili wakatazamana. Mfu hapigi chafya.

Bi Wembe hakusubiri kulia. Alimpa mumewe ufagio, akamwambia afagie uchafu wake, akafungua mlango. Jua lilikuwa linapanda. Wifi akaenda barabarani na kitana, akigonga utosi na kufoka, "Inama, inama wewe, hata uwe shemeji wa nani." Wanaume wote wa mtaa walishawahi kupita mikononi mwa Bi Wembe, na wote waliinama. Aliwanyoa kwenye kiti, kwenye benchi, kwenye ngazi ya mlangoni. Baadhi yao walikuwa na nywele hata kiganjani. Hao ndio waliojipaka dawa kwa mkono wao wenyewe. Walioumwa tu viganja vyao vilikuwa vitupu. Bi Wembe akawa anawapitishia wembe na hapo, kimya kimya, kuwafichia aibu.

Adhuhuri askari waliporudi, walikuta barabara nzima ina vipara vinavyong'aa juani hadi wakafumba macho. Mkubwa wao aliuliza wafu wako wapi. Wifi akamjibu kwamba wamefagiliwa. Bunduki zikashuka. Vigelegele vikapasua mtaa, Bi Wembe akanyanyuliwa juu pamoja na kiti chake, wembe mkononi, akazungushwa kama bibi harusi.

Kioo hakukubali kuachwa nyuma kwenye sifa. Akapanda kwenye benchi, akaeleza jinsi alivyotoka alfajiri kumwokoa jirani, akapigana na wafu, akaumwa kishujaa.

Wifi akamuuliza kama kile kichupa cha kijani hakukigusa kweli.

"Dawa ile? Mimi? Naapa mbele yenu."

Akainua mkono wa kuume, kiganja wazi.

Bi Wembe akaomba ashushwe. Akamsogelea, akakishika kile kiganja, akakigeuzia juani. Nywele zilikuwa nyingi, nyeusi, zimelala vizuri upande mmoja.

"Mume wangu," akasema, akifungua tena wembe, "na ulikuwa unazichana?"