Mwanamke Anayechana Nywele

Générose alitoa lenzi yake mkobani, akaipangusa kwa pindo la skafu, kisha akauinamia mchoro. Suhaila, mfanyakazi wa nyumba hii, alikuwa amesimama mlangoni. Mchoro ule uliolala mezani haukuwa wa Mfaransa yeyote. Aliuchora yeye Suhaila.

Mzee Sadru hakujua. Alikuwa ameketi karibu na dirisha, ghorofa ya kumi na nne, Flemingdon Park, huko Kanada, mikono juu ya mkongojo, akitabasamu kama bwana harusi. Kwa miaka thelathini mzee huyu wa Mwanza amekuwa akikusanya michoro ya wino ya wachoraji wa Paris wa zamani, ile iliyotoka mikononi mwao wenyewe, si ya kuchapwa. Gari hakuwahi kununua. Alikuwa na michoro kumi na mmoja, na uchu wa mmoja tu: paka aliyelala, aliyechorwa kwa mistari saba basi. Paka huyo alikuwa ukutani dukani kwa Générose, mwanamke wa Bukavu anayeuza michoro katikati ya mji. Baada ya miaka tisa ya kubembelezwa, Générose amekubali kumtoa. Abadilishwe kwa mchoro mmoja wa mzee, wa mwanamke anayechana nywele.

Na huyo mwanamke ndiye aliyemtia Suhaila balaani. Wiki sita nyuma, mzee akiwa jamatkhana kwenye sala, Suhaila alipulizia dawa ya vioo moja kwa moja kwenye fremu, kama anavyofanya madirishani. Maji yakapenya ndani. Wino wa shingo ukachuruzika hadi kifuani. Akili yote ikamruka. Kibali chake cha kazi kilikuwa na jina la mzee Sadru kama mwajiri. Akifukuzwa hapa, hana pa kukanyaga Kanada. Basi akachana ukurasa mtupu wa mwisho katika kitabu kikuukuu cha Kifaransa, akachukua kalamu ya kuchovya na chupa ya wino mezani kwa mzee. Alimjua yule mwanamke kwa miaka mitatu ya kumfuta vumbi. Akamchora mara moja, bila kusita, kama anavyowapiga piko mikononi maharusi wa mtaa wa Etobicoke siku za Jumamosi, kwa sababu piko ukisita inaonekana. Lifti ilipolia, fremu ilikuwa ukutani.

Sasa lenzi ilikuwa imefika shingoni.

"Muntu akifuatisha mistari ya mwenzake, mukono unaogopa," Générose alisema, bila kuinua kichwa. "Anasimama-simama njiani, wino unajaa pale aliposimama. Papa Sadru, njoo uone. Hapa hakuna woga hata kidogo."

"Nione nini? Mimi nimeishi naye."

"Bon." Générose aliinuka, akakunja lenzi. "Ni yeye. Hata gizani ningemutambua."

Akamfungua paka kutoka kwenye karatasi laini na kumlaza mezani. Mzee alimtazama bila kupepesa macho.

"Mchukue mwanamke wako basi," alisema mwishowe. "Miaka yote hii anachana nywele tu. Hajanipikia hata ugali."

"Kwangu atapika. Kwangu hakuna muntu wa kukaa bure."

Wakacheka. Suhaila akashusha pumzi. Yamepita, alijiambia. Nyamaza tu, binti wa Tanga, yamepita.

"Suhaila," mzee aliita. "Njoo unishikie karatasi, mkono wangu huu siuamini."

Ilikuwa barua ya kwenda na mchoro kwa yeyote atakayeununua baadaye. Suhaila aliibana kwa vidole viwili. Kalamu ikaanza kutambaa, herufi moja moja. Mimi, Sadru, nathibitisha kwa jina langu kwamba mchoro huu ni halisi. Jina lenyewe lilikuwa bado, mstari wa chini. Kalamu ikashuka. Suhaila akaivuta karatasi.

"Mzee, usitie sahihi."

"Kuna nini?"

Alikwenda kwenye mkoba wake pale mlangoni, akatoa vipande viwili vya kadibodi alivyokuwa akitembea navyo kila siku kwenye basi la Don Mills, akavifungua juu ya meza. Mwanamke wa kweli alikuwa na doa jeusi kutoka shingoni hadi kifuani.

"Huu niliumwagia dawa ya vioo. Huo mwingine nimeuchora mimi."

Générose aliitazama michoro miwili, mmoja, kisha wa pili, kisha wa kwanza tena. Shingo yake mwenyewe Générose ilikuwa imewiva kwa aibu.

"Miaka makumi mbili na mbili katika kazi hii," alisema polepole. Akamviringishia paka karatasi yake. Mzee alinyoosha mkono nusu, akaurudisha. Mlangoni Générose akamgeukia Suhaila. "Weye, usimwambie muntu kwamba nilisema ni yeye. Unasikia?"

"Nimesikia, mama."

Mlango ukafungwa.

"Wiki sita," mzee alisema. "Kila asubuhi namwamkia yule mwanamke. Na wewe uko jikoni, unanisikia."

"Nilikuwa nakusikia, mzee. Nisamehe."

"Karatasi umetoa wapi?"

Akamwonyesha kitabu. Mzee alifumba macho, na hilo lilimuuma Suhaila kuliko kama angetukanwa. Alisubiri neno lile moja, toka.

"Geuza huo wako," mzee alisema. "Andika jina lako nyuma, na tarehe ya leo. Nikifa, asije mtu akadanganyika."

Suhaila aliandika. Herufi zilitoka kubwa, zimepinda, za mtoto wa darasa la tatu; mkono ule ule uliomchora mwanamke bila woga sasa ulisimama-simama juu ya jina lake mwenyewe. Mzee alingoja hadi herufi ya mwisho. Kisha akauchukua ule wenye doa, akaanza kuurudisha ndani ya fremu, vidole vikiteleza kwenye vishikizo vya nyuma. Suhaila alisogea kumsaidia.

"Usiguse," alisema mzee, bila kumtazama. "Kesho njoo saa mbili, kama kawaida. Ila chumba hiki nitakifuta vumbi mwenyewe."