Kınalı Chini ya Mlozi

Mzee Dursun alikubali kuhama kijijini kwa sharti moja, na sharti lenyewe lilikuwa ukaidi mtupu. "Nionyesheni Kınalı," aliwaambia wanawe wawili. "Nikimwona, napanda gari la Kadir naenda kwake Konya, na hamtasikia neno. Nisipomwona, niacheni na kuku wangu."

Kınalı alikuwa farasi wake jike. Maana ya jina lake ni aliyetiwa hina, kwa sababu ya miguu yake ya mbele. Aliachwa mlimani mwaka ule liliponunuliwa trekta, binti yake Nazire akiwa bado msichana wa shule, na kila mtu alijua kwamba mbwamwitu walikwisha kumla zamani. Mzee naye alijua. Ndiyo maana alichagua sharti hilo, apate kusema hapana bila kuitamka.

Kadir, mtoto wa kwanza, si mtu wa kubembeleza. Alisema Jumamosi anakuja na lori la kuhamishia vitu, sharti liwepo lisiwepo, kwa kuwa baba haoni vizuri na juzijuzi nusura ajiunguze na jiko. Kazi ya kumlainisha mzee akamwachia mdogo wake. Nazire alikubali haraka kuliko ilivyopasa. Kule mjini Karaman alikuwa amepiga picha za maharusi mpaka akawachoka, na huku kijijini milozi ilikuwa imechanua. Wakati huo farasi wa mwitu wa mlima Karadağ hushuka kufuata majani mabichi. Alijipangia farasi asubuhi na baba jioni, akajiona ana bahati.

Siku ya kwanza aliteremka peke yake hadi shamba lao la chini, ambalo hakuna aliyelilima tangu mama yao afariki. Alijibanza nyuma ya ukuta wa mawe, upepo ukimpiga usoni ili wasimnuse. Ukungu ulikuwa umetanda, na milozi imesimama ndani yake, myeupe mitupu, bila jani hata moja. Kisha ardhi ikaanza kunguruma chini ya magoti yake.

Walitokea vichwa kwanza, halafu vifua, halafu kundi zima likamwagika mteremkoni, weusi, wa kahawia, wa kijivu, manyoya ya majira ya baridi bado yanawaning'inia tumboni na mvuke unawatoka. Dume mmoja mweusi alipita katikati ya matawi, maua yakamwagikia mgongoni. Nazire alisahau kupumua. Amekulia chini ya mlima huu, amewaona farasi hawa kwa mbali tangu utotoni kama mtu anavyoyaona mawingu, na hakuwahi kujua kwamba ni wakubwa namna hii. Wala hakujua kwamba viumbe wenye uzito huo wanaweza kupita kwenye maua na kuyaacha mengi yakiwa bado mtini. Machozi yalimtoka asijue ni ya nini. Alipokumbuka kwamba ana kamera, alipiga picha mpaka vidole vikafa ganzi.

Jioni baba na binti walikaa jikoni na chai yao. Ugonjwa ulikuwa umemla mzee katikati ya macho na kumwachia pembeni tu, kwa hiyo akitaka kuona kitu alikigeuzia shavu. Sasa aliigeuzia kamera shavu lake la kulia.

"Hiki kidude chako naona kinameremeta tu. Umepiga nini?"

"Farasi, baba. Na maua."

"Farasi na maua. Kwani maharusi wamekwisha huko mjini?"

"Wakiisha nitafanya sherehe."

Mzee alicheka kidogo, akasogeza gilasi yake ijazwe. Nazire alikuwa akizipitia picha moja moja, akimsimulia.

"Hapa wanakula. Hapa dume anajikuna kwenye shina. Hapa kuna mmoja amejitenga, amesimama tu chini ya mlozi. Kumbe hata kwenye hii yupo. Na hii. Wenzake wanahangaika na majani, yeye hasogei."

"Mgonjwa huyo."

"Si mgonjwa. Anaangalia njia."

"Njia gani?"

"Hii yetu. Ya kuja huku nyumbani."

Mzee aliweka gilasi chini. "Yuko chini ya mlozi upi?"

"Ule uliopasuliwa na radi."

"Niangalizie miguu yake ya mbele."

Nazire aliikuza picha, akaikuza tena. 

"Myekundu," alisema. "Kuanzia magotini kwenda chini."

Wote wawili walijua desturi, kama kijiji kizima kinavyoijua. Kazi za shamba zikiisha, farasi huvuliwa hatamu na kuachwa mlima umlishe majira yote ya baridi, maana majani ya zizini hayatoshi. Theluji ikiyeyuka, mwenyewe hurudi palepale alipomvua, anaionyesha hatamu, na farasi huja. Lakini anayekusudia kumtupa moja kwa moja humpeleka ng'ambo ya mlima, asije akangoja. Mzee Dursun hakumpeleka Kınalı ng'ambo, kwa sababu siku ile alikuwa bado anakusudia kumrudia. Trekta lilikuja katikati ya theluji. Machipuko yalipofika, mzee alikuwa juu ya kiti cha chuma, anapunga mkono kwa majirani.

"Nilimvulia pale pale," alisema, kwa sauti ambayo Nazire hakuwahi kuisikia. "Chini ya ule mlozi."

"Baba, ni miaka mingi. Anaweza kuwa mwingine."

"Anaweza."

Alinyanyuka, akaenda stoo kupapasapapasa gizani. Nazire akasikia kengele.

Asubuhi waligombana njia nzima. Hatamu ilikuwa ya ngozi kuukuu, na kengele yake ndogo mzee alikuwa ameifumbata kiganjani.

"Hawa wananaswa kwa kamba wakauzwe, baba. Wakisikia hiyo kengele watakimbia hadi Konya."

"Basi watanitangulia."

"Na picha zangu je?"

"Si ulisema maharusi wapo?"

Walikaa nyuma ya ukuta. Ardhi ilipoanza kunguruma, mzee alivua kofia yake. Hakuwaona zaidi ya vivuli vinavyopita pembeni, lakini kifua chake kilikuwa kinawapokea wote, na uso wake ukawa kama wa mtu aliye msikitini. Nazire alimtazama yeye badala ya farasi. Hakuwa amefikiri kwamba baba anaweza kuogopa kitu kizuri.

Kisha mzee akasimama, na kengele ikamponyoka kiganjani.

Ililia mara moja tu. Vichwa vyote viliinuka pamoja. Dume mweusi akapiga kwato, kundi zima likageuka na kupanda mlima, na palipokuwa na farasi tele pakabaki ukungu na maua yanayoanguka taratibu. Nazire alikasirika. Mwanga ulikuwa ndio kwanza unafika. Alifungua mdomo amwambie baba yake la moyoni, halafu akaufunga.

Chini ya mlozi uliopasuka alikuwa amebaki mmoja.

Alikuwa mzee. Mbavu zilimtoka, mgongo umebonyea, nywele nyeupe zimemzunguka macho. Miguu yake ya mbele ilikuwa na rangi ya hina iliyochujuka. Alikuja hatua kwa hatua, maua yamemjaa mgongoni, akasimama mbele ya mzee akihema. Mzee alimgeuzia shavu ili amwone. Farasi naye akageuza kichwa, kwa kuwa macho ya farasi yako pembeni, na hao wawili wakatazamana hivyo, shavu kwa shavu.  Nazire alijua hataona tena kitu kama hiki maishani mwake.

Mzee aliishika hatamu chini, mikono yote miwili, bila kuisogeza. Kınalı aliinusa. Kisha akainamisha kichwa, akaiingiza pua yake humo mwenyewe, kama alivyozoea kila mwaka theluji ikiyeyuka.

"Nimechelewa, binti yangu," mzee alisema. "Nimechelewa sana." Akalia waziwazi, paji la uso wake likiwa limeegemea la farasi.

Nazire alipiga picha moja. Macho yake yalikuwa na maji, hakujua kama imetoka.

Walipoanza kupanda, aliuliza kwa upole, "Na sharti lako, baba?"

"Nilisema nitapanda gari, nitapanda. Mimi si kigeugeu. Ila mwambie kaka yako sasa tuko wawili."

Akaendelea mbele ameishika kamba, lakini kamba ilikuwa imelegea na farasi ndiye aliyekuwa akimkwepesha mawe. Kwenye kona ya nyumbani farasi alikata mwenyewe kabla ya kuambiwa. Nazire alibaki nyuma, akampigia kaka yake.

"Vipi, amelainika?" Kadir aliuliza.

"Amelainika, ila sasa wako wawili. Usije na lori la vitu kwanza. Njoo na shayiri. Na majani makavu, mengi."

"Nazire, mmenunua mbuzi?"

"Kınalı amerudi nyumbani."

"Kınalı yupi?"

"Wetu. Alikuwa anangoja chini kwenye mlozi. Nilipiga picha, nikamkuta ndani ya picha."

 Kadir aliposema tena, sauti yake haikuwa ile ya kutoa amri.

"Mwambie baba asimfunge karibu na kuku," alisema. "Yule hapendi kuku."