Mate ya Susu

Mtu akikwambia Sista Mutanu alikuwa mpole, muulize anamsema Mutanu gani. Huyu wetu wa Kawangware, muuguzi wa kutembelea watoto wagonjwa manyumbani mwao, alikuwa na mdomo wa kufukuza landilodi. Lakini watoto walimpenda, na watoto hawadanganyiki ovyo.

Asubuhi hiyo alifika Kibera na begi lake mgongoni, akapita vichochoro vya Soweto West akirusha salamu kushoto na kulia, mpaka kwenye ploti ya kina Aoko. Alikuja kumwona Hope, binti ya Aoko, mtoto wa miaka mitano mwenye kifafa. Dawa zilikuwa zimemkubali. Zamani alianguka karibu kila siku, sasa ilikuwa mara mojamoja, na Mutanu alikuwa na furaha hiyo kifuani kama mtu aliyepata mgeni. Alikuwa amembebea mtoto ndizi, akampa pale uani alipomkuta akicheza.

Ndani akamkuta Aoko amepiga magoti sakafuni, anakunja nguo ndogondogo na kuzishindilia ndani ya mfuko.

"Aiya! Mnahama?"

"Mimi sihami, Sista. Hope ndiye anaenda ushago Jumamosi. Kwa mamangu kijijini."

"Si ulisema mamako anatupa dawa, anasema huo ugonjwa ni wa kuombewa?"

"Nilisema." Aoko hakuinua uso. "Sasa nifanyeje? Nikikaa na yeye, kibarua cha kufulia watu nguo kinaenda. Nikienda kazini, namwacha na nani? Susu amemkataa."

Mutanu aliketi kitandani bila kukaribishwa. Alijua dawa ya kifafa ikikatwa ghafla, ugonjwa hurudi kwa hasira, na mtoto anaweza kuanguka asiamke. Aoko pia alijua, kwa sababu Mutanu mwenyewe ndiye aliyemfundisha. Ndiyo maana alikuwa anakunja gauni lilelile mara ya pili na ya tatu, na machozi yanadondoka juu yake.

Huyo Susu, jina lake halisi lilikuwa Ndululu, mama mzee wa kutoka Kitui aliyeshinda mlangoni pake akisuka vyondo. Kwa Kikamba susu ni nyanya, na ploti nzima ilimwita hivyo, Wajaluo kwa Waluhya. Aoko akienda kufua, Hope alibaki kwake. Kila asubuhi mtoto alisimama mbele ya bibi huyo, akafungua kifungo cha juu cha gauni, na Susu akamtemea mate kidogo kifuani, thu!, kama wazee wa Ukambani wanavyobariki watoto. Ndipo siku ikaanza.

"Amemkataa kwa nini?"

"Hasemi. Anafunga tu mlango. Na Hope kila asubuhi bado anaenda kusimama pale, kifungo wazi. Sista, mimi naweza kuvumilia mambo mengi, lakini hilo limenishinda."

Mutanu akatoka nje amevimba. Pale langoni alikaa Opondo, fundi wa viatu, ambaye hakuna habari ya ploti iliyompita. Mutanu akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Opondo, nani amemjaza Susu maneno?"

Opondo akaendelea kushona. "Kwani hujui?"

"Ningejua ningekuuliza?"

"Basi usikasirike. Ni wewe."

"Mimi!"

"Wewe mwenyewe, Sista. Ile siku mtoto alianguka hapa kwa kamba za nguo, ulitoa glavu kwa begi, ukavaa, ndio ukampanguza lile povu. Sisi sote tuliona. Kumbe wazee walisema ukweli, ukiguswa na povu la kifafa, nawe unashikwa. Kama haiambukizi, daktari mzima anajifunga mikono ya nini?"

Mutanu aliishusha mikono kutoka kiunoni, akaitazama. Alikumbuka. Alivaa glavu zile jinsi mtu anavyovaa viatu akitoka nyumbani. Ndivyo walivyofundishwa shuleni, ndivyo alivyofanya kwa kila mtoto, awe na kidonda au mafua. Hakufikiria hata kidogo. Aliongea mpaka koo likakauka kwamba kifafa hakiambukizi, na huku mikono yake inasema mengine mbele ya ploti nzima. Watu wakaamini mikono. Nani angewalaumu? Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Akaenda moja kwa moja kwa Susu. Mlango ulikuwa umerudishwa nusu, na bibi alikuwa ndani na kiondo chake mapajani, lakini hasuki.

"Susu, nimekuja kuomba msamaha. Zile glavu ni mazoea ya kazi tu. Hata ungekuwa wewe unatapika, ningezivaa."

"Asante kwa kunitakia kutapika."

"Povu lile ni mate, Susu. Mate tu. Ingekuwa ugonjwa unapita kwa mate, wewe uliyemtemea huyo mtoto asubuhi zote hizi, si angekuwa na magoti yako mabovu?"

Susu alitaka kucheka, akajizuia. "Wewe msichana una mdomo. Mate ya baraka si povu. Usinichezee." Kisha sauti ikashuka. "Unadhani simtaki? Usiku namsikia akilia huko ng'ambo ya mabati na silali tena. Lakini mimi ni mzee, niko peke yangu. Nikianza kuanguka, nani ataniokota? Nyinyi mna shule. Mimi niliyoyaona kwa macho nimeyaona."

Bibi hakukosea. Alikuwa ameyaona kwa macho.

Ndipo Aoko akapiga ukemi uani.

Hope alikuwa ameanguka kati ya beseni na kamba za nguo, ndizi ingali mkononi. Mwili ulikakamaa, kisha ukaanza kurukaruka. Majirani waliokuwa wakifua walirudi nyuma hadi ukutani, mmoja akamvuta mwanawe kwa mkono. Mutanu alifika kwanza. Alisukuma beseni kando, akamlaza mtoto kwa ubavu, akakunja sweta lake na kuliweka chini ya kichwa. Povu likaanza kutoka. Mkono wa Mutanu ukakimbilia begi wenyewe, zipu ikafunguka, vidole vikagusa glavu.

Vikasimama hapo.

Akautoa mkono mtupu. Akampanguza Hope mdomo kwa kiganja, taratibu, mara ya kwanza, mara ya pili, kama mama anavyompanguza mtoto uji. Akajifutia kwenye sketi yake. Aoko alipiga magoti upande wa pili, naye akampanguza, huku akimwita kwa Kijaluo, nyathina, nyathina, yaani mwanangu. Susu alikuwa mlangoni pake, ameshika fremu, anatazama.

Kifafa kikaisha, kama kawaida yake. Hope akalala mapajani mwa Mutanu, mzito, anakoroma kidogo. Kulikuwa na mtoto mwingine wa kutembelea kijiji cha Raila, humohumo Kibera. Mutanu akampigia simu mama wa mtoto huyo amngojee, akabaki pale chini kwenye saruji yenye maji ya sabuni. Hakuna aliyerudi kufua. Wote walijifanya wana jambo uani.

Jua lilikuwa limewafikia miguuni Hope alipofumbua macho. Akawatazama watu, mmoja mmoja, mpaka akamwona bibi mlangoni. Akajiinua. Aoko alitaka kumshika, Mutanu akamzuia. Mtoto akatembea akiyumba, mate bado yanang'aa kidevuni, akaenda kusimama mbele ya Susu pale pale pa kila asubuhi, akafungua kifungo.

"Susu, thu."

Wee! Hata Opondo aliiacha sindano. Susu alimtazama mtoto. Mkono wake ukashika mlango, na Mutanu akaamini kabisa kwamba utafungwa. Kisha bibi akainama, magoti yakilia, akamtemea kifuani, thu!, akasema maneno yake ya Kikamba, akue, anone, awazike wazee na si wazee wamzike yeye.

Hapo ingetosha. Lakini mtoto ni mtoto. Hope, kwa kuwa alikuwa amerudishiwa haki yake na furaha imemzidi, akamshika Susu mashavu kwa mikono miwili.

"Sasa mimi," akasema. Na kabla mtu hajamzuia, thu!, mate yote yakamwishia bibi usoni.

Aoko akaziba mdomo. Mama mmoja ukutani akasema, "Mungu wangu." Mate yalikuwa yanateremka kwenye shavu la mzee, polepole, na mkono wa Susu ukapanda kuelekea kona ya leso yake, leso ambayo angeweza kujifutia. Ukaipita. Ukafika shavuni, ukayasambaza yale mate, ukayapaka mpaka kwenye paji la uso, kama mtu anayejipaka mafuta akienda kanisani.

"Haya," akasema. "Na mimi nimebarikiwa. Tangu mamangu afe hakuna aliyewahi kunibariki."

Mutanu alilia. Tuseme ukweli, alilia hadharani na pua ikatoka, na Opondo akamrushia kitambaa chenye rangi ya viatu, naye akajifuta nacho akabaki na ndevu nyeusi. Ndiyo ikawa mara ya kwanza siku hiyo ploti kucheka.

Susu hakucheka. Alikuwa amemshika Hope mkono, na macho yake yako ndani ya nyumba ya Aoko, kule sakafuni.

"Aoko! Na huo mfuko umeushindilia hivyo wa nini? Toa nguo huko, zitakunjamana. Mtoto atavaa nini kesho akija kwangu?"