Kilio Kisicho na Maiti

Kabwe aliuawa Jumapili mchana, kwa kura. Wanaume wa umoja wa wakimbizi walikaa nyuma ya nyumba ya fundi cherehani, wakanyoosha mikono, na mikono yote ilipoonekana iko juu, basi Kabwe akawa marehemu. Mwenyewe hakuwapo. Alikuwa jela, ng'ambo ya mpaka, alikorudi kwa siri kufanya mikutano akakamatwa, yu hai au karibu na hai. Mkewe Chileshe naye hakuwapo. Alikuwa mtoni Naviundu anafua nguo, na hakuna aliyekumbuka kumwita.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Waingereza wa ng'ambo walikuwa wameziunganisha nchi tatu kuwa moja, wakaiita Federation, na wenye nchi hawakuulizwa hata kwa adabu tu. Waliopiga kelele walifungwa. Waliowahi kukimbia walipita porini, mbali na askari wa mpakani Kasumbalesa, wakaingia Élisabethville kwa Wabelgiji, wakawa wanasukuma matoroli na kushona suruali za watu, huku wakijipanga kwa ajili ya siku ile ambayo kila mtu nyumbani kwao angekuwa na kura yake. Lakini kujipanga kunataka kukaa pamoja, na katika Élisabethville ya miaka ile mtu mweusi hakukaa na wenzake wengi bila kibali. Mkikutwa mmejaa uani, mtaambiwa ninyi ni Kitawala, ile dini iliyopigwa marufuku, na kesho mko ndani ya lori mnarudishwa kwa walewale mliowakimbia.

Kitu kimoja tu polisi walikiachia, nacho ni kilio. Watu wakifiwa wawashe moto uani, walale nje, waongee watakavyo, nani atawauliza? Ila maiti wa mjini ana karatasi ya hospitali na ana jeneza la kuonyesha. Maiti wa mbali hana. Ndiyo maana kura ilimwangukia Kabwe.

Bwalya, mwenyekiti wa umoja, ndiye aliyepelekwa kumwambia mjane. Alikuwa mtu mwema, mrefu wa umbo na mrefu zaidi wa maneno, ila siku ile maneno yalimpungukia. Alimkuta Chileshe anaanika nguo.

"Mama Chileshe, bwana yako, tunaomba utuazime."

"Niwaazime wapi? Si eko mu jela?"

"Tunaomba akufe kidogo."

Chileshe alikung'uta shati, akalitundika. "Kufa hakuna kidogo, baba Bwalya."

"Hapana kufa ya kweli! Ya maneno tu. Tupate kilio, tukae, tusemezane. Bantu bote ba umoja balikubali. Tulipiga kura."

"Ile Federation, munaikataa juu ya nini?"

"Juu Bazungu balituletea bila kutuuliza."

"Na mi, nani aliniuliza?"

Bwalya akaangalia kofia yake kana kwamba jibu lilishonewa ndani.

Si kwamba Chileshe alikuwa mkali wa bure. Alikuwa anaogopa. Tangu kabla ya mvua hakuna habari ya Kabwe iliyovuka mpaka, na mtu wa mwisho aliyetoka kule alisema alimwacha anakohoa. Usiku Chileshe alikuwa akikisikia kikohozi hicho, akiamka ndipo anajua ni cha jirani. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Sasa watu wazima wanakuja mlangoni kwake kumwomba aliseme lenyewe kwa mdomo wake, tena kwa sauti, mtaa mzima usikie! Kama huo si uchuro, uchuro ni nini?

Aliyemlainisha ni Mwaba. Mwaba alikuwa wa ukoo wa Chui, na Kabwe wa ukoo wa Mbuzi, na kwa watu wa kwao Chui na Mbuzi ni watani tangu mababu. Mtani ndiye anayekuzika, na ndiye anayekutukana ukiwa umelala hapo huna la kujibu. Hakuna wa kumfukuza.

"Yaya, dada yangu, nisikilize," Mwaba alisema, ameketi juu ya beseni lililopinduliwa. "Ile kilio nitakuja mi mwenyewe. Nitamutukana Kabwe asubui mpaka magaribi. Ulishaona muntu mwenye kutukanwa vile anakufa? Kifo inaogopa aibu."

Chileshe alicheka bila kutaka. Halafu akawaza kwamba Kabwe alifungwa kwa ajili ya mikutano kama hii hii, na kwamba angekuwapo angejitoa afe kidogo bila kusubiri kuombwa mara mbili. Mpumbavu yule. Alimpenda kwa upumbavu huohuo.

"Sawa," alisema. "Kabwe akufe. Lakini machozi yangu sitatoa. Nikimulilia, njo namuzika."

Wakakubaliana. Meza na kitanda vikatolewa nje, mikeka ikatandikwa barazani kwa wanawake, moto wa wanaume ukawashwa uani. Masufuria ya bukari, ugali wa huko, yakaanza kutokota. Kifo cha wengi harusi, na kifo cha uongo ni harusi zaidi: wanaume walikula kama watu waliopona ugonjwa, kisha wakainamiana kuongea mambo yao. Jambo lilikuwa moja. Kule nyumbani kulikuwa na mkutano mkubwa unakuja wa kuikataa Federation, na wakimbizi walitaka kupeleka wajumbe waseme kwamba walioko ugenini nao wanaikataa. Nani aende? Na aende kusema nini? Wanawake walipoulizwa, waliulizwa kama chumvi imetosha.

Mwaba hakuvunja ahadi. Alivaa koti la Kabwe, akatembea uani amevimbisha kifua kama anavyovimbisha Kabwe akitoka kunyoa. "Mbuzi huyu anatukufia mbali!" alilalamika. "Sisi Machui tutakula nini? Hata nyama yake ametunyima!" Watu wakacheka, na kila walipocheka Chileshe alipumua kidogo. Kilichomuumiza ni majirani. Mama Honorine wa nyumba ya pili, ambaye hakujua lolote wala hakuwahi kumwona Kabwe, alileta kapu la makaa, akamkumbatia, akalia machozi ya kweli mpaka kitambaa kikalowa. Chileshe alisimama mikononi mwake mkavu kama ukuni, akitamani ardhi ipasuke.

Siku ya pili alifika Liévin, polisi wa mtaa. Alikuwa mtu wa kaskazini ya Katanga, Mkatoliki, baba yake alizeeka kwenye reli, naye aliletwa mtaani Kabwe ameshafungwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja kutoa pole kama mtu yeyote, akavua kofia, akaenda mpaka mkekani, akamwambia Chileshe maneno mazuri ya faraja. Chileshe akaitikia asante. Liévin akamtazama usoni kwa muda, akavaa kofia yake, akaondoka bila kugusa chakula. Bukari ya moto na mboga, na polisi akaiacha! Hapo ndipo Bwalya alipoanza kutokwa jasho.

Kesho yake, jua likiwa bado juu, wanaume walikuwa wamefika penyewe. Walikuwa wanapiga kura ya wajumbe, mikono iko juu, Bwalya anahesabu kwa kidole, na aliposema "tisa" akamwona Liévin amesimama kwenye mwanya wa ua.

"Tuombe!" Bwalya alipaza sauti, na mikono yake akaitupa mbinguni. Watu wakaanza Baba Yetu, kila mmoja kutoka pale alipopakumbuka.

Liévin alisubiri mpaka amina. Kisha akaingia katikati ya ua.

"Mi nilizika baba, nilizika mama, nilizika batoto babili," alisema bila kugomba. "Bilio ninaijua. Sijaona kilio kenye banaume banainua mikono sawa batoto ba masomo, na mujane eko na macho makavu siku tatu. Kama kuko mufu, mama huyu anamulilia, na mi ninaenda zangu. Kama hakuko, ninaenda kumuita Muzungu wangu, atawauliza yeye."

Macho yote yakamgeukia Chileshe.

Chozi moja tu. Alijua linalotakiwa, na alijua bei yake. Akimkatalia polisi, watu wote hawa waliomo uani wanapakiwa kwenye lori kabla ya giza. Akilia, anamzika mumewe kwa macho yake mwenyewe. Aliwatazama: fundi cherehani aliyeacha watoto nyuma, Bwalya na kofia yake, Mwaba. Akafumba macho, akajilazimisha. Akamwazia Kabwe amelala kwenye sakafu ya jela, akikohoa, kisha hakohoi tena. Kifua kikamuuma kama kimekanyagwa, lakini machozi hayakutoka. Mwili ulikataa. Hakuweza, basi.

Liévin akatikisa kichwa, akageuka kwenda.

Ndipo kilio kiliposikika njiani. Mwanamume alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa mto, mikono kichwani, analia kama wanavyolia waombolezaji wakiiona nyumba ya msiba. "Mayo! Mayo, nafwa!" alilia kwa lugha ya kwao: mama, nimekufa. Hakuna aliyeshangaa, maana ndivyo watu wanavyoingia kwenye kilio. Alikuwa amekonda, ndevu zimemjaa, suruali imechanwa na miiba, na alipofika uani alijitupa chini karibu na moto, akapiga udongo kwa viganja.

Chileshe alikuwa bado amefumba macho. Sauti ile aliijua hata kama ingetoka chini ya maji.

Akafumbua. Mtu yule naye akainua kichwa, uso umejaa vumbi na machozi, akaona mikeka, akaona wanawake, na katikati yao akamwona yeye, mzima, ameketi.

Kilichotoka kifuani mwa Chileshe kiliwafanya hata waliokuwa barabarani wasimame. Alilia hofu yote ya tangu kabla ya mvua, na vile vikohozi vya usiku, na aibu ya mama Honorine, vyote vikatoka kwa pamoja, na machozi yakamtiririka mpaka shingoni. Alikuwa hai! Alikuwa hai, ameketi kwenye udongo wa ua wake, mchafu kama nguruwe, hai! Wanawake wakamshika, wakalia naye. Mama Honorine akapiga yowe.

Mtu yule alianza kuinuka. "Chile—"

Mwaba alikuwa ameshamfikia. Alimpiga kofi la mdomo lililosikika ua mzima.

"Unachelewa, mbuzi weye! Ndugu yako anakufa, tunalia siku tatu, njo unakuja sasa? Na mikono mitupu! Kaa chini!"

Mtu akakaa. Watani hawabishiwi.

Liévin alikuwa amevua kofia. Alijipangusa jicho kwa kidole gumba, upesi, kama anaondoa mdudu. "Huyu nani?"

"Mudogo ya marehemu," Mwaba alisema. "Anatoka mbali."

Polisi akachuchumaa mbele ya Kabwe, akamshika bega. "Pole sana, ndugu. Kwenu mudogo njo anarizi mujane, si vile?"

Kabwe alimtazama polisi, akamtazama Mwaba na koti lake mwenyewe, akamtazama mkewe anayelia na kutetemeka, na polepole, kwa jinsi uso wake ulivyobadilika, ikaonekana ameelewa ni maiti ya nani inayoliliwa.

"Njo vile, shefu," alisema.

"Basi umulinde muzuri. Mama huyu alimupenda bwana yake. Mi nilifikiri mubaya, Mungu anisamehe."

"Nitamulinda, shefu."

Liévin akafanya ishara ya msalaba, akaondoka, na safari hii alipita kwenye sufuria akamegewa bukari.

Walimngoja apotee kabisa. Kisha kicheko kikawapata, na kwa kuwa kilio hakicheki, wanawake ilibidi wapige mayowe ya msiba juu yake ili kukifunika. Fundi cherehani alijiziba mdomo kwa kofia ya Bwalya. Kabwe akaeleza kwa kunong'ona: walimfungua, wakamwamuru akaishi kijijini kwao asitoke, naye akatoka. Alipotokeza mtoni akaona kitanda chake kiko nje na moto unawaka uani. Katika nyumba ile alimwacha mtu mmoja tu. Angefikiri kafa nani?

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," Mwaba alisema. "Sasa unaijua."

Mjane hakai na shemeji yake mbele ya watu, kwa hiyo Chileshe alikuwa mkekani na Kabwe kwenye moto, na kati yao sufuria mbili. Lakini kila akitazama, yupo. Mabega yake yalishuka, mikono ikamlegea mapajani, njaa ikamshika ghafla, njaa ya siku tatu.

Bwalya akakohoa ili aendelee na kura. Kabwe, ambaye hajui kungoja, akanyoosha mkono kabla hajaulizwa lolote. Mwaba akaushusha kwa kofi. "Mufu hana kura!"

Kabwe akamgeukia mkewe amtetee.

"Ushushe," Chileshe alisema, na sauti yake, iliyokauka kwa kulia, ikafika mpaka kwenye moto. "Balikuua na kura. Bakufufue na kura."

Bwalya alisimama. Aliwatazama wanaume wake, kisha akafanya jambo ambalo hakulifanya ile Jumapili: akauzunguka moto, akaja mpaka barazani, akavua kofia mbele ya mikeka.

"Mama Chileshe," alisema, "tunakuuliza weye wa kwanza. Kisha bamama bote. Kisha sisi. Nani anakubali Kabwe afufuke?"

Chileshe akanyoosha mikono yote miwili. Bwalya akamkumbusha, kwa upole, kwamba muntu mumoja ni mukono mumoja. Chileshe alisikia. Hakuushusha hata mmoja.