Maoni ya Wananchi, Garhoud

Walipofika kwenye kuku, chai ilikuwa imeshapoa na hakuna aliyeigusa. Mheshimiwa Zedekiya, mwenyekiti wa kamati, alitaka kila kuku anayepelekwa sokoni alipiwe shilingi tano. Mwenzake mmoja akauliza kama kifaranga naye ni kuku. Mwingine akataka kujua itakuwaje kuku akikosa mnunuzi akarudishwa nyumbani: je, kesho yake atalipiwa tena? Nilikuwa nimesimama ukutani na birika mkononi, uso umetulia kama tulivyofunzwa, na kicheko kinanitekenya mbavu. Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimehudumia kumbi za mikutano za hoteli ile ya Al Garhoud. Nilishasikiliza wauza saruji, madaktari wa meno na watu wa bima. Sikuwahi kudhani nitasimama Dubai nikisikiliza kamati ya kaunti yetu wenyewe ikigombana juu ya kuku.

Ilikuwa mwishoni mwa mwaka wa 2014. Kaunti zilikuwa changa, na wawakilishi wadi walikuwa wamegundua utamu wa ziara za mafunzo. Hawa tisa walikuja kujifunza jinsi mji mkubwa unavyokusanya ushuru. Asubuhi walijadili Mswada wao wa Fedha, na mchana walipotelea sokoni Al Ras kununua viungo na masanduku ya kubebea hivyo viungo. Ikifika jioni, ghorofa yao yote ilinuka iliki.

"Hawa ni watu wako?" aliniuliza Rafiq, msimamizi wangu, Mswahili wa Mombasa aliyekuwa na miaka kumi na minne mjini.

"Ni wa kwetu kabisa," nilisema, na sikujua kama najivuna au naungama.

"Basi wapikie chai ya maziwa. Hivi vifuko vya maji moto havitawafikisha popote."

Nikapika. Alhamisi mjadala uliongeza kasi, sijui kama ni kwa sababu ya chai. Walitoza mashine za kushonea. Walitoza mabango. Walipofika kwenye saluni walikubaliana kwamba kodi itaenda kwa idadi ya viti, na hapo nikamkumbuka mama yangu na viti vyake vitatu, nikawamiminia chai nusu kikombe kwa hasira.

Saa sita mchana siku hiyo hiyo, karani wao, kijana aitwaye Nick aliyevaa suti kubwa kumzidi, alinifuata hadi chumba cha vyombo. Alikuwa na karatasi yenye mistari arobaini mitupu. Juu iliandikwa *Maoni ya Wananchi Walioko Ughaibuni*.

"Sista, nisaidie na majina tu," alisema. "Majina, kitambulisho, sahihi. Sheria inasema mswada lazima wananchi waulizwe, na safari hii tuliiandikia hivyo, kwamba tunakuja kuwauliza nyinyi. Mkaguzi akiikosa hii karatasi tumeisha."

"Si ujaze mwenyewe?"

"Mwandiko utafanana."

Hii ndiyo desturi yetu, na anayeikana hajahudhuria mkutano wa hadhara kwetu. Wananchi huitwa, hupewa soda na nusu mkate, huandika majina, wakaenda zao. Maoni huwa yameshaandikwa. Nick hakuwa mtu mbaya, alikuwa anaendesha gari kwa njia aliyofunzwa. Kosa lake lilikuwa moja tu: aliniachia karatasi ile ikiwa imebanwa pamoja na mswada mzima.

Nikausoma nimesimama kati ya vikombe. Kuku, mashine, mabango, viti. Kifungu cha arobaini na moja kilikuwa peke yake ukurasa wa mwisho. Kilisema fedha za kaunti zisitumike kutoa mimba, na kwamba mwanamke yeyote atakayefika hospitali ya kaunti akivuja damu ya mimba atajaziwa fomu kwanza, aeleze mimba imetokaje, kabla ya kupewa dawa au chumba. Mtoa hoja alikuwa Mheshimiwa Yekoniya. Kwa siku tatu walikuwa wamepigania kuku, na hiki kilipangiwa dakika tano Ijumaa, kabla ya kufunga.

Niliketi juu ya kreti. Niliogopa, na nilijua naogopa nini.

Miaka miwili kabla, siku ya soko, nilimkuta dada yangu Jerusha nyuma ya nyumba, ameketi kwenye jiwe la kufulia, leso imelowa na midomo imekuwa myeupe. Alikuwa anasomea ualimu, hajaolewa. Nilimpakia kwenye bodaboda katikati yangu na dereva, kichwa chake kikinigonga begani njia nzima. Hospitalini nesi mnene mwenye mapengo alimwangalia mara moja tu. Aliuliza amekula saa ngapi. Aliuliza kama anajua kundi lake la damu. Kisha akavuta pazia. Daktari alituambia baadaye kwamba tungechelewa nusu saa, tungerudi na jeneza.

Sasa Jerusha alikuwa mwalimu, ameolewa, ana mimba ya miezi sita, na wiki ile mama alikuwa amenipigia kuniambia kwamba ameona damu tena kidogo na ameambiwa alale.

Nilimtafuta Nick kwenye lifti. "Nitakuletea watu," nilimwambia. "Lakini wa kweli. Na watasema."

"Wote?" akauliza. "Basi waseme kidogo kidogo."

Tatizo lilikuwa mimi. Mhudumu hakuruhusiwa kuwaeleza wageni shida zake, na visa yangu ilikuwa mikononi mwa hoteli. Nilimweleza Rafiq yote, hata yale ya Jerusha, ambayo sikuwa nimemwambia mtu yeyote mji ule. Alinisikiliza akihesabu vijiko, na hesabu ikampotea.

"Zamu yako kesho yaanza saa sita," alisema hatimaye. "Kabla ya saa sita wewe si mfanyakazi. Ingia mlango wa mbele, na nguo zako. Mimi sikujui." Nilipokuwa naondoka akaongeza, "Na usilie mbele yao, dada. Wanaume wakiona machozi huomba mapumziko."

Ijumaa metro ilikuwa haiamki mpaka mchana. Lawrence, dereva wa basi la kampuni moja ya usafi, akajitolea kuwaleta watu kutoka Al Qusais. Niliwatarajia kumi. Wakashuka thelathini na mmoja: walinzi, wafagiaji, wasusi, mpishi mmoja, wote wamevaa kama wanaenda kutoa mahari. Mtu hutuma pesa nyumbani kila mwezi na haulizwi chochote. Sasa akisikia serikali imekuja kumuuliza maoni, haachi hata moja kitandani. Watatu walikuwa Watanzania. Waliandika majina yao kwenye karatasi ya Nick kabla hajauliza.

Rafiq alimimina chai mwenyewe. Alinipita akaniuliza, "Sukari, madam?" bila kupepesa.

Mheshimiwa Zedekiya alifungua kwa hotuba fupi, akitazama mlango. Nadhani alitarajia watu wale nusu mkate waende. Badala yake akasimama Shomari, mlinzi wa ghala, pande la mtu, akazungumza dakika nane juu ya kuku. Alieleza bei ya chakula cha kuku. Alieleza mdondo, ugonjwa unaofagia banda zima. Alieleza mjane anayefuga kuku sita ili mtoto apate sare ya shule, na askari wa kaunti anayemvizia getini na risiti. Wasusi wakapiga makofi. Mheshimiwa mmoja alikuwa anaandika kwa bidii.

"Ahsante sana, ndugu," alisema mwenyekiti. "Na wewe ni wa wadi gani?"

"Mimi wa Tanga, mheshimiwa. Lakini kuku ni kuku."

Ukumbi ukaangua kicheko, hata Zedekiya akacheka mpaka akafuta macho, na kodi ya kuku ikafia pale pale. Nilicheka nao. Kisha nikamwona akitazama saa yake, akasema kama hakuna lingine, basi vifungu vilivyobaki vitachukuliwa kuwa vimekubaliwa.

Nikasimama.

Nilisema jina langu na wadi yetu. Nilisema nataka kuzungumza juu ya kifungu cha arobaini na moja, kile cha kutoa mimba, na kelele zote zikakatika, kwa sababu neno lile hata kwetu hulisemi hadharani, sembuse ugenini. Nikawaeleza jiwe la kufulia, leso, bodaboda. Nikawaeleza nesi na maswali yake mawili. Sikulia. Nilimtazama Mheshimiwa Yekoniya peke yake, maana ilikuwa fomu yake.

Ningefurahi kumchukia. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na katika watu tisa wale ndiye pekee aliyekuwa akisema asante kila nilipomjazia kikombe. Alivua miwani.

"Pole sana, binti yangu," alisema, na ilikuwa pole ya kweli. "Lakini niambie. Huyo dada yako, mimba ilitoka yenyewe au aliitoa?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi, si hilo, na lilikuwa ndilo swali lenyewe la fomu ile. Mbele ya watu thelathini na mmoja ningeweza kusema ilitoka yenyewe, mambo yakaisha vizuri. Ulimi ulikuwa tayari.

"Sijui, Mheshimiwa," nilisema. "Nesi hakuuliza. Na mimi sijawahi kumuuliza. Kama tungeanza na hilo, tungemzika."

Mwanamke mmoja, msusi wa mtaa wa Naif ambaye sikuwahi kujua jina lake, alisimama karibu na kiti chake, akabaki amesimama. Akasimama wa pili. Sijui walisimamia nini, kila mmoja na lake, lakini mwishowe wanawake wote wa ukumbi ule walikuwa wima. Mwenyekiti akaomba mapumziko.

Saa sita kasoro nilikuwa nimeshavaa sare, napanga vikombe. Mlango ukafunguliwa na Mheshimiwa Yekoniya akaingia na kikombe chake, kana kwamba hajui wageni hawaruhusiwi huko ndani. Rafiq alikuwa anavaa kofia aende Ijumaa. Alituangalia, akatoka.

"Nina binti," alisema mzee. "Nilimuuliza swali hilo mimi mwenyewe, sebuleni kwangu, mama yake akiwepo. Alikuwa ndiyo kwanza ametoka hospitali." Aliweka kikombe chini polepole. "Hii ni Krismasi ya tano hajaja nyumbani. Huwa najiambia ni kazi."

Nikamjazia chai.

"Asante," alisema. Alikunywa yote, amesimama kati ya makreti, kisha akarudi ukumbini. Nilipoingia kuondoa vyombo, nilimkuta ameinamia ukurasa wa mwisho na rula, rula ya mwalimu, anakata mstari kwa mstari sehemu yote ya fomu. Ile ya fedha aliiacha. Wenzake wawili walinung'unika kwamba hoja ni yake, anaiharibu mwenyewe. Akawaambia ndiyo, ni yake.

Mswada ukapita nyumbani mwezi uliofuata, bila kuku na bila fomu. Viti vya saluni vilibaki. Mama alinipigia simu akiwa amewaka moto.

"Walikuwa hapo na wewe, unawapikia chai, na hukutetea viti vyangu?"

"Mama, muda uliisha."

"Muda wa kuku ulikuwepo."

Mama si mtu wa kushindwa na serikali. Aliuza viti viwili, akaleta benchi refu kutoka kanisani, akawakalisha wateja watano hapo, na askari wa kaunti alipokuja aliambiwa ahesabu viti. Kilikuwa kimoja. Mpaka leo analipia kimoja.

Jerusha alijifungua hospitali ile ile mwezi wa tatu, baada ya wiki mbili za damu na kulazwa. Msichana. Nilienda likizo mwaka wa 2016, nikamkuta mtoto anatembea na kuangusha kila kitu kilichoko chini ya kimo cha meza. Mume alikuwa kazini. Tulikuwa jikoni sisi wawili, maji ya ugali yanachemka.

Alikuwa ameshasikia habari za Garhoud. Lawrence ni mtu wa kijiji cha pili, na simulizi hupanda ndege kabla ya mizigo.

"Wanasema ulimjibu yule mheshimiwa kwamba hujui," alisema, akitia unga.

"Ndiyo."

"Ungeweza kuniuliza kwanza. Simu ilikuwepo."

"Ningeweza."

Alikoroga. Sufuria ilikuwa inamrukia matone na hakuondoa mkono.

"Ukitaka nikuambie, Loise, nitakuambia."

Nilimtazama dada yangu, mzima, mnono, jasho kwenye paji la uso, na furaha ilinijaa.

"Siku utakayotaka wewe," nilisema.

Mtoto alikuwa amefika kwenye kabati la vyombo. Jerusha alimnyanyua kwa mkono mmoja, akanipa nimshike, akaendelea kusonga ugali.